Kwani Hawa Hawana Watani?

Swali hilo si langu. Ni la shangazi yangu, mkazi wa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Aliliuliza huku akimenya karanga. Mbele yake palikuwa na laptop ya vijana watatu wa kikundi cha maigizo cha hapa kwetu, na ndani ya laptop kulikuwa na msiba wa Waingereza: jeneza sebuleni, wafiwa wamevaa suti nyeusi, na mgeni mmoja asiyejulikana na ukoo anamvuta mtoto wa marehemu pembeni na kumdai hela. Vijana walicheka hadi machozi yakawatoka. Shangazi akatazama, akamsikiliza kijana aliyekuwa anamtafsiria, akaziacha karanga zake na kuuliza, "Kwani hawa hawana watani?"

Hakuna aliyemjibu. Vijana walidhani bibi hajaelewa. Mimi nilihisi ameelewa kuliko sisi wote, ila sikujua nielezeje.

Vijana hawakuja kutazama filamu tu. Wanataka kuirudia kwa Kiswahili, hapahapa Tabora, kwa majina yetu na mavazi yetu. Skripti walishaitafsiri, fedha za kukodi kamera wanachanga kutoka kwenye bodaboda na msimu wa tumbaku, na mimi walinitaka niwanyooshee lugha tu. Nikawaambia wanipe muda. Kabla mtu hajatoa senti yake kununua petroli ya jenereta, nilitaka kujua kitu kimoja: hivi kukichukua kichekesho cha wenzetu, tena cha juzijuzi, na kukitengeneza upya kwa ajili ya watu wa kwako, kuna faida gani?

Bahati nzuri, filamu waliyoichagua inajibu sehemu ya swali hilo yenyewe, maana imekwisha kurudiwa. *Death at a Funeral* ilitoka mwaka 2007, mwongozaji akiwa Frank Oz na mwandishi wa skripti akiwa Dean Craig. Mwaka 2010 Wamarekani wakatoa ya kwao kwa jina lilelile, ikiongozwa na Neil LaBute, na ndani yake wamo Chris Rock na Martin Lawrence. Mwandishi ni yuleyule Craig. Hata mwigizaji wa yule mgeni anayedai hela ni yuleyule, Peter Dinklage. Miaka mitatu tu imepita, matukio mengi hayajabadilika, na lugha ni Kiingereza kwa Kiingereza!

Hapo ndipo penye mafumbo. Kwa kawaida Wamarekani wakiulizwa kwa nini wanarudia filamu za wenzao, jibu huwa ni kwamba watu wao hawapendi kusoma maandishi chini ya picha. Ni jibu la kibiashara na lina ushahidi. *Intouchables* ya Ufaransa, ya mwaka 2011, iliuza tiketi karibu milioni 19 kwao, lakini Marekani iliingiza takriban dola milioni 10. Waliporudia hadithi hiyo wakaiita *The Upside*, ikiwa na Kevin Hart na Bryan Cranston, ikaingia kwenye kumbi zao mwaka 2019 na kupita dola milioni 100 hukohuko Marekani. Mwenye duka hahitaji kuelezwa zaidi. Akiulizwa kama inafaa, atakuonyesha daftari la mauzo.

Lakini kwenye *Death at a Funeral* hakukuwa na maandishi ya kusoma. Mmarekani aliweza kuitazama ile ya 2007 na kuisikia neno kwa neno. Kama haikuwa lugha, basi ugeni ulikuwa wapi? Mimi naona ulikuwa kwenye msiba wenyewe.

Ile ya Waingereza inachekesha kwa sababu ya ukimya. Kwenye msiba ule hakuna anayeruhusiwa kupaza sauti. Daniel, mtoto aliyebaki nyumbani, ameandika wasifu wa baba yake na anajua kila mtu angependa usomwe na kaka yake, Robert, mwandishi maarufu aliyeruka kutoka New York kwa tiketi ya daraja la kwanza lakini hana hela ya kuchangia mazishi. Mchumba wa binamu yao amemeza kidonge akidhani ni cha kutuliza roho, kumbe ni dawa ya kulevya, na baadaye anapanda juu ya paa akiwa uchi. Mgeni mfupi wa kimo anafichua kwamba alikuwa mpenzi wa siri wa marehemu, ana picha, na anataka alipwe. Katikati ya hayo yote watu wanaendelea kusema "samahani", wanaendelea kumimina chai, wanaendelea kujifanya hawasikii. Kicheko kinatokana na jasho la watu wanaoshikilia mlango usifunguke.

Ile ya 2010 imeuhamishia msiba kwenye familia ya Wamarekani weusi, Los Angeles. Tatizo ni kwamba Rock na Lawrence ni wachekeshaji wa jukwaani, watu ambao kazi yao ni kutonyamaza. Ndugu hawa wawili wanabishana tangu mwanzo, tena wanabishana vizuri sana, na ugomvi wao kuhusu nani alipe gharama za mazishi umenichekesha kuliko wa Waingereza. Lakini mlango ulikwisha kuwa wazi. Mtu anapopanda paani akiwa uchi, kwenye nyumba iliyokuwa kimya huo ni mwisho wa dunia. Kwenye nyumba ambayo watu wamepiga kelele tangu asubuhi, ni kelele moja zaidi.

Kinachoniuma ni kwamba nafasi ilikuwepo. Misiba ya makanisa ya Wamarekani weusi ina sheria zake: nyimbo, mahubiri yanayopanda na kushuka, mtu kuanguka kwa uchungu na wenzake kumpepea. Msiba wa aina hiyo huvunjwa kwa namna yake, siyo ya Waingereza. Filamu ilikuwa na utajiri huo mlangoni na haikuukaribisha ndani. Walibadilisha nyumba na sura, lakini sheria ya msiba wakaiacha ya Waingereza.

Nisiwaonee Wamarekani, maana wanapotaka wanaweza. *CODA* ya mwaka 2021 imetokana na *La Famille Bélier*, kichekesho cha Kifaransa cha mwaka 2014 kuhusu binti anayesikia katika familia ya viziwi. Kwa Wafaransa familia ilikuwa ya wakulima, na wazazi viziwi waliigizwa na watu wanaosikia. Wamarekani wakaifanya familia ya wavuvi wa Gloucester, Massachusetts, na viziwi wakaigizwa na viziwi. Hilo la pili ndilo lililobadilisha kila kitu. Mzaha wa baba kiziwi anayeongea mambo ya chumbani kwa lugha ya alama, huku binti yake akilazimika kuyatafsiri kwa aibu, umekuwa mzaha wa mwenye nyumba, siyo wa mpita njia. *CODA* ilipata Oscar tatu mwaka 2022, mojawapo ikiwa ya filamu bora. Mimi naipenda kwa sababu nyingine: waliorudia waligundua ni nani mwenye haki ya kumtania nani.

Neno hilo, haki ya kumtania mtu, ndilo lililonirudisha kwa shangazi.

Sisi nasi si wageni wa biashara hii. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha St. Mary's hapahapa mjini kabla ya kwenda Edinburgh, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na mojawapo ni kichekesho. Kwa Kiingereza jina lake linamtaja mfanyabiashara mmoja. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, ilitoka kwa jina la *Mabepari wa Venisi*. Mfanyabiashara mmoja wamekuwa wengi, tena wamekuwa mabepari. Ndani mwake Venisi ni ileile na Shailoki ni yuleyule, lakini msomaji wa mwaka ule alipoliona jalada alijua tayari nani anakwenda kuchekwa. Neno moja limefanya kazi ambayo kamera na suti za mwaka 2010 hazikuifanya.

Au chukua *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*, kichekesho cha Gogol alichokitafsiri Christon Mwakasaka mwaka 1979. Majina ni ya Kirusi, baridi ni ya Kirusi, na hakuna aliyeona haja ya kuuhamishia mji ule Sikonge au Urambo. Wa nini? Ofisa anayesikia mkaguzi anakuja na kuanza kuficha madudu yake, huyo tunaye. Sheria inayovunjwa kule ndiyo inayovunjwa huku. Tafsiri inatosha. Linganisha na Hollywood, walioichukua hadithi hiyohiyo mwaka 1949 na kumpa Danny Kaye. Mwongo wa Gogol, anayekula rushwa kwa raha zake na kutokomea, wakamgeuza kijana mwema asiyejua kudanganya, anayeimba na kucheza. Wametengeneza upya kila kitu na kukitoa kile kilichokuwa kinauma.

Na kuna njia ya tatu, ya kwetu kabisa, ambayo maprofesa wa filamu wamechelewa kuiheshimu. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanamkumbuka Lufufu, Derek Gaspar Mukandala, mtu aliyechukua filamu za nje na kuzisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Lufufu hakuwa anatafsiri tu. Alieleza, aliongeza, alimkejeli jambazi, alimwonya binti asiingie kwenye chumba kile. Filamu iliendelea kuwa ya kigeni, hakuna aliyedanganywa kwamba watu wale ni wa Mwanza, lakini kati yako na wao alikaa mtu wa kwenu mwenye ruhusa ya kuwasema. Leo nikimfikiria naona alikuwa mtani wa filamu nzima.

Sasa nieleze utani, kwa ajili ya msomaji ambaye kwao haupo au umebaki kuwa neno la mashabiki wa Simba na Yanga.

Njia ya misafara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako sasa ni Tabora, na kuendelea hadi Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mtu alibeba mzigo miezi, akaugua ugenini, pengine akafa ugenini. Wazee husimulia kwamba utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, na Wagogo, na wengineo wa njia ile, ulikomaa hapo: watu waliopitiana, waliogombana, waliopeana maji, na waliozikana. Mtani ni yule anayeweza kukutukana usikasirike, kwa sababu ndiye atakayekuzika ukifia kwao. Ruhusa ya kucheka imelipiwa kwa kazi ya jembe.

Ndiyo maana mtani ana kazi msibani. Anaweza kulala kaburini akakataa kutoka mpaka alipwe. Anaweza kuvaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake. Anaweza kusimama mbele ya wafiwa na kudai deni la uongo. Nilipomzika baba yangu, nikiwa nimetoka Dar es Salaam ambako nilikaa miaka mingi, mzee mmoja alikaa juu ya jeneza na kutangaza kwamba marehemu haondoki kabla hajarudisha kuku wake. Nilimkasirikia, nikamsogelea nikiwa nimekunja ngumi. Shangazi huyuhuyu akanishika mkono. "Mwanangu, mlipe mtani wetu. Baba yako asipochekwa leo, atadhani amezikwa na wageni." Nikatoa noti. Mzee akainuka, akapangusa jeneza kwa kiganja, na nikaona analia.

Basi irudie ile filamu ukiwa umekaa kiti cha shangazi. Mgeni anakuja msibani, anadai hela kwa jeuri mbele ya jeneza. Kwa Mwingereza sheria imevunjwa, na filamu imeanza. Kwa shangazi hakuna kilichovunjwa. Mtani amefika, tena amechelewa. Cha ajabu kwake ni kwamba wafiwa wanahangaika badala ya kutoa chochote wakacheka. Alipouliza kama watu hawa hawana watani, aliweka kidole juu ya msumari ambao filamu yote imetundikwa. Ule msiba unachekesha kwa sababu hawana.

Niliisoma tena skripti ya vijana nikiwa na hilo kichwani. Kiswahili chao ni kizuri, hakuna cha kunyoosha. Lakini walichofanya ni kile cha 2010: turubai badala ya sebule, ubwabwa badala ya chai, khanga badala ya suti, na chini yake msiba wa watu wasiotaniana. Wakiutengeneza hivyo, watazamaji wa Tabora watacheka mahali pawili patatu, hasa paani. Halafu watauliza alichouliza shangazi. Na kwa kazi hiyo nisingewashauri watoe hata elfu kumi. Heri wamtafute msimuliaji mwenye ulimi kama wa Lufufu, wakae na filamu ya Waingereza kama ilivyo, wainogeshe.

Lakini kuna filamu nyingine ndani ya swali la shangazi. Mgeni anakuja msibani, anadai hela. Watu wanacheka, wanampigia vigelegele. "Mtani huyo!" Wanamtupia sarafu. Anasema hatanii, wanazidi kucheka, maana hivyo ndivyo watani wanavyosema. Anatoa picha, kina mama wanashika mbavu. Mtu mmoja tu kwenye msiba ule, mtoto mkubwa wa marehemu, anaitazama picha na kuona kwamba baba yake kweli alikuwa na nyumba nyingine, watoto wengine, mke mwingine huko Kaliua. Naye anatakiwa acheke pamoja na umati, kwa sababu asipocheka atakuwa ameungama. Na mtani wa kweli, aliyechelewa basi, anafika jioni na kukuta nafasi yake imechukuliwa.

Hiyo ningeitazama. Kule kicheko kinatoka kwa watu wanaojizuia kucheka, huku kingetoka kwa mtu anayelazimishwa. Ni hadithi ileile iliyogeuzwa nje ndani, kama vile kiazi kimoja kinavyoweza kuwa michembe au matobolwa. Vyote hukatwa na kuanikwa, lakini matobolwa yamepita motoni kwanza.

Najua kuna hoja dhidi yangu. Mmoja wa vijana alinipinga papo hapo: "Kaka, tukibadilisha hivyo si itakuwa filamu nyingine kabisa?" Ndiyo, na hapo ndipo faida ilipo. Ukikinakili kichekesho cha mtu scene kwa scene unadaiwa ruhusa yake na malipo yake, nasi kikundi cha turubai moja hatuna wakili wa kwenda London. Ukikisoma hadi ukaona kinasimama juu ya nini, kisha ukatafuta cha kwenu kinachosimama mahali hapo, unatoka na kazi yako. Shukrani kwa Craig utaitoa kwa mdomo.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, na sitajifanya nimeimaliza. Tunaporudia tunaficha. Wapo Wamarekani wengi waliompenda Kevin Hart kwenye *The Upside* ambao hawatamwona Omar Sy akicheza dansi kwenye ile ya Paris. Filamu ikirudiwa ingali changa, ile ya kwanza inazikwa ikiwa hai. Sisi tuliokua tunatazama filamu za Kihindi bila kujua hata neno moja la Kihindi, tukalia palipotakiwa kulia, tulijifunza kukaa na mgeni sebuleni bila kumvua nguo zake. Hiyo ni elimu, na mtu anayetengenezewa kila kitu upya anaikosa.

Kwa hiyo kipimo changu kimebaki kimoja. Ukikutana na kichekesho cha wenzako, uliza ni sheria gani inayovunjwa. Kama mnayo nyumbani, kitafsiri au kisimulie, usipoteze fedha za kamera. Kama hamnayo, usihamishe samani peke yake. Tafuta sheria ya kwenu, na umtafute mwenye ruhusa ya kuivunja.

Vijana wameondoka na skripti yao ikiwa na alama zangu za kalamu nyekundu, hawana furaha sana. Juzi mmoja amerudi peke yake, amekaa kwa shangazi hadi giza likaingia. Nilipita nikamsikia anauliza, kalamu mkononi, mtani hulipwa shilingi ngapi siku hizi. Shangazi akamjibu kwamba inategemea marehemu alikuwa na siri ngapi.